Gari Lililoinuliwa Likianza Kutangatanga

Chanzo kijulikane kabla ya kipuri kununuliwa

Askari anapokabidhiwa kiinua mgongo baada ya miaka mingi ya utumishi, jambo linalozungumzwa kwanza nyumbani ni namna ya kuzitumia fedha hizo zisije zikayeyuka. Wengine hujenga nyumba, wengine hununua ng'ombe, na wapo wanaonunua gari la kubebea mazao.

Tuchukue mfano wa sajini mmoja mstaafu wa kaskazini mwa Uganda, ambaye mkewe hununua simsim vijijini na kuipeleka Kampala. Sajini huyo amepata Land Rover 110 iliyokwisha tumika. Mwenyewe wa kwanza aliliinua gari hilo kwa springi ndefu, kiasi cha sentimita 5, akalivisha matairi makubwa ili lipite matopeni. Katika njia za vumbi halina kasoro inayoonekana. Lakini likishika lami kuelekea Karuma, na mwendo ukafika kilomita 80 kwa saa, gari huanza kutangatanga. Huelekea kulia, dereva akalirudisha, mara likaelekea kushoto. Mkewe, aliyeketi kando yake, hushika kiti kwa mikono miwili kila lori linapokuja mbele.

Fundi wa kwanza analisikiliza shauri hilo kwa dakika tano, kisha anatoa hukumu: "Afande, boksi la usukani limekufa. Nunua jingine." Bei yake ni sawa na karo ya watoto ya muhula mzima. Mkewe anasema, "Mzee, kabla hatujaigusa karo, na tujue kwanza gari linaumwa nini."

Maneno ya mama huyo ndiyo mwanzo wa ufundi. Kutangatanga kwa gari lililoinuliwa huwa na vyanzo vingi, na boksi la usukani, ambalo ni ghali, ndilo linalofaa kuchunguzwa mwisho.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Yafaa kwanza kutofautisha magonjwa matatu ambayo watu huyachanganya. Gari linalovuta huelekea upande mmoja tu, na aghalabu sababu yake ni breki inayokamata, tairi lenye upepo mdogo, au ekseli iliyopinda. Gari linalotetemeka hutikisa usukani mikononi kwa nguvu, hasa likipita kwenye shimo. Hapo hushukiwa uzani wa magurudumu, beringi na viungo vilivyolegea. Gari linalotangatanga halina upande maalumu. Huelea tu, na dereva hulirekebisha kila dakika.

Wengine hufunga shokapu mpya ya usukani wakidhani wameponya. Kifaa hicho hupunguza mtetemeko, lakini hakiwezi kulipa gari mwelekeo. Anayekifunga kwa ajili ya kutangatanga ameificha dalili tu, na maradhi yako palepale.

Baada ya hapo huulizwa historia. Je, gari lilianza hivi baada ya kuinuliwa, baada ya kubadilishwa matairi, au baada ya kugonga gogo? Jibu la swali hilo huweza kuokoa kazi ya siku nzima.

Anza na matairi

Matairi huchunguzwa kwanza kwa sababu uchunguzi wake hauna gharama. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata joto kipimo hupanda. Matairi mawili ya mbele yawe na upepo sawa, na ya nyuma vilevile. Tairi refu lenye upepo mdogo hulegea ubavuni, na gari huelea juu yake kama mtu atembeaye juu ya godoro. Itazamwe pia kama matairi ni ya aina moja, na kama yameliwa sawasawa. Tairi pana lenye meno ya matope lina tabia ya kufuata mifereji iliyochimbwa na malori katika lami, hata kama gari halina kosa jingine lolote.

Njia rahisi ya kupata hakika ni kuyahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kisha kulijaribu gari katika barabara ileile. Tabia ikibadilika, mshitakiwa amepatikana. Isipobadilika, uchunguzi uendelee.

Mmoja kwenye usukani, mwingine kando ya gari

Kazi inayofuata yahitaji watu wawili, na si lazima wote wawe mafundi. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Mama aketi kwenye usukani na kuutikisa polepole kulia na kushoto, injini ikiwa inanguruma ikiwa gari lina usukani wa nguvu. Mwingine ainame mbele, nje ya njia ya magurudumu, na kutazama kiungo kimoja baada ya kingine kuanzia kwenye boksi hadi kwenye gurudumu. Palipo na ugonjwa, upande mmoja wa kiungo hutembea wakati upande wa pili umetulia. Atazame tairodi, fito itokayo kwenye boksi, na fito ya kukingama, yaani ile iliyoshikwa na chesisi upande mmoja na ekseli upande wa pili. Bushi za fito hiyo zikiliwa, ekseli nzima huteleza pembeni kabla magurudumu hayajageuka. Atazame vilevile kama boksi lenyewe linacheza juu ya chesisi, kwa sababu bolti zilizolegea au chuma kilichopasuka huleta dalili zilezile za boksi bovu.

Kisha gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, na ekseli iegemezwe juu ya kigingi imara. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Ukibaki, kosa liko kwenye kingipini, pale gurudumu linapogeukia. Halafu lishikwe kulia na kushoto. Mchezo wa upande huo mara nyingi hutoka kwenye viungo vya fito za usukani.

Kingipini huwa na kosa la namna ya pili pia. Zikikazwa kupita kiasi, usukani hubaki pale ulipoachwa badala ya kurudi katikati, na dereva hulazimika kuurudisha kwa mkono kila mara. Ndiyo maana vitabu vya kiwanda hutaka ukazaji wake upimwe kwa mizani ya kuvuta, wala usikadiriwe kwa mkono.

Ekseli ya nyuma nayo isisahauliwe. Bushi zake zikifa, au yubolti za gari la springi za majani zikilegea, ekseli hiyo hujipinda kidogo kila dereva anapokanyaga mafuta na kila anapoyaachia. Gari huwa kama linaendeshwa na madereva wawili wasiopatana.

Kuinua gari hubadilisha nini?

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Mtazame mhudumu wa hospitali anaposukuma kitanda. Kila kigurudumu hugeuka chenyewe kikafuata nyuma ya pini yake, na kitanda huenda kikiwa kimenyooka. Magurudumu ya mbele ya gari hutegemea kanuni hiyohiyo. Mhimili ambao gurudumu hugeukia umelazwa kidogo, ncha ya juu ikielekea nyuma, ili mahali tairi linapogusa ardhi pawe nyuma ya mahali mhimili unapoelekea. Mlalo huo huitwa pembe ya kasta. Ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona, na ndio unaoshikilia gari katika mstari barabara inaponyooka.

Land Rover ya springi za mzunguko ilianza kutolewa mwaka 1983 kwa jina la One Ten, ikaitwa Defender tangu mwaka 1990, na umbo lake la zamani likakoma kutengenezwa Januari 2016. Kiwanda kiliipa kasta ya digrii 3 tu. Ekseli yake ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayoelekea nyuma hadi kwenye chesisi. Chesisi ikiinuliwa kwa springi ndefu, ncha za nyuma za mikono hiyo hupanda pamoja nayo, na ekseli huzunguka: sehemu yake ya juu huelekea mbele. Kwa kuinua sentimita 5, gari huweza kupoteza digrii 2 au hata zote 3. Yaani lile lililokuwa likinyoosha gari limekwisha, ingawa hakuna kipuri kilichovunjika. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizopewa springi za mzunguko mbele tangu mwaka 1999 hupatwa na jambo hilohilo, kwa sababu nazo hushikwa na mikono ya namna hiyo.

Hata kuinua nyuma peke yake, kama wafanyavyo wabeba mizigo, huiondoa kasta. Hesabu yake si ngumu. Namba 110 ni inchi za umbali kati ya ekseli mbili, yaani sentimita 279 hivi. Nyuma ikipanda sentimita 5, gari zima huinamia mbele kwa digrii 1.

Dalili hujaribiwa katika uwanja mpana usio na watu wala magari. Gari liendeshwe polepole, lipigwe kona, kisha mikono ilegezwe kwenye usukani bila kuuachia kabisa. Usukani unaorudi wenyewe una kasta. Usiorudi umepoteza kasta, au kingipini zimekazwa mno. Jibu la hakika hutolewa na karakana yenye kipimo cha mwelekeo wa magurudumu. Wakati huohuo wapime kama ncha za mbele za magurudumu zimeelekeana kama kiwanda kilivyotaka.

Boksi linalosingiziwa

Kuna kosa jingine lizaliwalo na kuinua gari, nalo ndilo lililomponza sajini wetu. Gari likipanda, fito itokayo kwenye boksi husimama wima zaidi, na usukani hupinda hata kama gari linakwenda moja kwa moja. Njia ya sawa ni kurekebisha urefu wa fito hiyo. Lakini fundi mvivu huung'oa usukani kwenye meno yake na kuurudisha ukiwa umenyooka. Kwa macho kazi imekwisha. Ndani ya boksi, hata hivyo, meno hayako tena katikati, mahali ambapo kiwanda kiliyabana kuliko pote. Sasa gari linakwenda mbele likitumia sehemu iliyolegea, na boksi zima huonekana bovu.

Fundi wa pili akija na kuikaza skrubu ya juu ya boksi, huzidisha balaa. Meno hubanana yanapopita katikati, usukani haurudi, na boksi lililokuwa zima huanza kuliwa.

Tiba na tahadhari

Kasta hurudishwa kwa bushi maalumu zenye tundu la pembeni au kwa mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoinuliwa. Kwa gari la springi za majani hutumika kabari kati ya springi na ekseli. Kiasi kiwe kile kilichopotea tu, kwa maana ekseli ikizungushwa kupita kiasi, shafti ya mbele huanza kufanya kazi katika pembe mbaya na kutetemeka. Fito ya kukingama na fito ya usukani zilingane mlalo. Zisipolingana, kila tuta hugeuza magurudumu bila amri ya dereva. Na ikiwa mwenye gari hana haja ya urefu huo, tiba nyepesi kuliko zote ni kurudisha springi za kipimo cha kiwanda.

Jambo moja halina mjadala. Mikono ya ekseli na fito za usukani zisipashwe moto zikapindwa, wala zisiungwe kwa kuchomelewa na fundi wa kando ya njia. Chuma hicho kikikatika katika mwendo, dereva hubaki ameshika duara lisiloongoza kitu. Kila nati iliyofunguliwa irudishiwe pini yake ya kuifungia. Na mpaka kazi ikamilike, gari lisibebe abiria wala lisikimbizwe, maana gari lililoinuliwa ni refu, na dereva anayelirudisha kwa ghafula hulipindua upesi.

Sajini wa mfano wetu alifuata utaratibu huo. Aligundua kwamba tairi moja la mbele lilikuwa na upepo mdogo, bushi za fito ya kukingama zilikuwa zimeliwa, kasta ilikuwa imetoweka, na usukani ulikuwa umewahi kung'olewa. Alinunua bushi, akarekebisha fito mpaka boksi likarudi katikati, akapimisha magurudumu. Boksi lilibaki lilelile. Karo ililipwa kwa wakati, na safari iliyofuata ya simsim mama alivuka Karuma mikono yake ikiwa mapajani.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Gari nalo hutoa dalili mapema, na hulipa vizuri jamaa inayokubali kuinama na kulitazama kabla ya kufungua mkoba.