Ukoo Hausemi Kabila

"Mwalimu, babu yetu alikuwa Mgesera, wa ukoo wa Abagesera. Basi sisi tulikuwa Wahutu au Watutsi?" Naulizwa hivyo Kamembe, hapa Rwanda, naulizwa Bukavu ng'ambo ya mto, na sasa napigiwa simu hata kutoka Ulaya. Swali hilo halina jibu, kwa sababu limekosewa tangu mwanzo.

Kinachowachanganya watu ni neno la Kinyarwanda ubwoko. Muuza maharage sokoni akikuuliza ubwoko, anataka aina. Mzee akikuuliza, anataka ukoo: Abasinga, Abega, Abazigaba. Vitambulisho walivyoanzisha Wabelgiji miaka ya 1930 vilitumia neno lilo hilo kwa Hutu, Tutsi na Twa. Karani alikata kwa kalamu yasiyokuhusu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani wakati wa mauaji ya kimbari, mstari huo wa ubwoko ulitosha kumuua mtu.  Basi tutazame kila mara neno limekaa wapi. 

Sasa hiyo imani kwamba Abanyiginya ni Watutsi na Abazigaba ni Wahutu. Ni uongo, na ni uongo wa hatari. Mtafiti Marcel d'Hertefelt alichapisha utafiti wake wa koo za Rwanda mwaka 1971: koo kuu 18, na ndani yake Wahutu, Watutsi na Watwa wamechanganyika. Abanyiginya, ukoo wa wafalme, wana Wahutu wengi. Ukoo hauna chifu wala ardhi yake. Una mnyama wake: ndege inyamanza kwa Abagesera, chura kwa Abega. Chura hamjui Mhutu wala Mtutsi.

Hapa kwetu Kinyaga, kusini-magharibi mwa Rwanda, ushahidi uko wazi zaidi. Kabla ya machifu wa mfalme Rwabugiri, aliyefariki 1895, mtu alijitaja kwa mlango wake na kilima chake. Mtafiti Catharine Newbury alionyesha jinsi utawala wa machifu na kazi ya lazima ya uburetwa vilivyoufanya Uhutu kuwa mzigo. Kabila liligandishwa na utawala. Damu ya ukoo haikuhusika.

Mtoto akiuliza, mtajie ukoo na mnyama wake, basi. Unatafuta ndugu? Uliza jina la babu na kilima, achana na ukoo. Unaandika historia ya familia? Andika ubwoko kwa maana ya ukoo, na useme hivyo waziwazi. Mtu akikukadiria kabila kwa ukoo wako, mkatalie palepale.