Wasafiri wa Kolo, Kati ya Lami na Mchanga

Kolo ni kijiji cha Warangi, kilomita 20 na ushei kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu iendayo Babati. Mwenye shida ya hospitali, benki au ofisi ya halmashauri huteremka Kondoa asubuhi na kurejea jioni. Zamani hiyo ilikuwa safari ya kumwomba Mungu: masika yakikolea, magari yalikwama kwenye utelezi wa milimani, abiria wakashuka kusukuma. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018, iliwaondolea adha hiyo.

Leo mabasi ya masafa marefu hupita mchana kutwa, ila wa kwenda Kondoa tu hutegemea zaidi magari madogo yanayosubiri yajae. Humo ndani desturi za nyumbani hazikomi. Anayepanda husalimia wote, awajue asiwajue. Kijana humwamkia mzee na kumpisha kiti. Mama aliyelemewa na mizigo hupokewa mtoto, akapakatwa na mtu ambaye hawajawahi kuonana. Kirangi na Kiswahili hupokezana njia nzima, na habari ya msiba hufika kijijini kabla ya gari kuzima injini.

Gunia la mbaazi au alizeti nalo lina nauli yake. LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hupanga nauli za abiria wa mabasi. Ya gunia hupatikana kwa maneno, konda akipandisha na mwenye mzigo akishusha.

Ukiiacha lami, mambo ni mengine. Njia ya kwenda Mungomi wa Kolo, kwenye mapango yenye michoro ya miambani iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, huvuka mto wa mchanga. Watalii huja na magari ya kupanda milima. Wenyeji huenda kwa bodaboda au kwa miguu, wengine wakipeleka tambiko la kuomba mvua na uponyaji, kwa kuwa mapango hayo bado ni mahali pa ibada ya jadi.

Kiangazi mto huo ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa ghafla. Milima hii ililiwa vibaya na mmomonyoko, hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Miti ilirudi, lakini makorongo yangali yanaamua nani avuke na nani angoje.

Barabara za vijijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Wapangaji wa bajeti wawahesabu kwanza mgonjwa na mkulima walio ng'ambo ya mto, kisha ndipo wafikirie msimu wa watalii.