Sura Hubaki, Majina Hupotea: Picha za Zamani na Kumbukumbu za Marafiki

Mtu anapoitazama picha ya zamani aliyopiga na marafiki zake, mengi anayoyakumbuka hayamo ndani ya picha hiyo. Tuseme ni picha ya studio ya miaka ya 1970. Vijana watatu wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, wamevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, na wa katikati ameshika redio. Mgeni ataona vijana watatu na redio, basi. Aliyekuwapo anajua kwamba redio ilikuwa ya studio, kwamba shati la wa kushoto liliazimwa asubuhi ile, na kwamba rafiki wa nne, ambaye hela yake haikutosha, alisimama nyuma ya mpiga picha akiwachekesha wenzake. Huyo wa nne haonekani popote, lakini ndiye anayekumbukwa wa kwanza.

Hali hiyo inatokana na jinsi ubongo unavyofanya kazi. Sura, sauti, harufu na hisia za siku moja hushughulikiwa na sehemu mbalimbali za ubongo. Kinachoziunganisha ziwe tukio moja ni kiungo kidogo kilichojificha ndani ya ubongo, upande wa masikio, kiitwacho hipokampasi. Jicho likikutana na kipande kimoja cha siku ile, hipokampasi husaidia kuvuta na vingine. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Endel Tulving, aliyefanya kazi zake nyingi Kanada, alieleza pamoja na mwenzake kwamba kidokezo huamsha kumbukumbu vizuri zaidi kikiwa ni sehemu ya yale yaliyoingia akilini pamoja na tukio lenyewe. Picha ina uso uleule na shati lilelile, na mara nyingi hata ukuta uleule. Ndiyo maana inaweza kurudisha mazungumzo ambayo mtu angeulizwa hivihivi tu asingeyapata.

Marafiki wanaorudi kwa nguvu zaidi huwa ni wa ujana. Wazee wakiombwa kusimulia maisha yao, hutaja kwa wingi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30. Huo ni wakati wa mambo ya mara ya kwanza: kulala bweni, kupokea mshahara, kusafiri mbali na wazazi. Rafiki wa wakati huo alishuhudia mtu akijifunza kuwa mtu mzima, na uzito huo hauna mfano katika urafiki wa baadaye.

Sura zenyewe hudumu kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliowahusisha watu 392 waliokuwa wamemaliza sekondari, wengine hivi karibuni, wengine karibu miaka 50 nyuma. Walioachana na shule kwa takriban miaka 35 bado waliweza kuzitambua nyuso za wenzao, zikichanganywa na za watu wasiowajua, kwa kiwango cha karibu asilimia 90. Kulitaja jina la mwenye uso kulikuwa kugumu zaidi, na kulififia mapema. Kila familia yenye albamu inalijua jambo hili. Kidole kinasimama juu ya uso, anayetazama anatabasamu, kisha anauliza: “Huyu anaitwa nani vile?”

Katika pwani ya Afrika Mashariki, picha za marafiki zilikuwa kazi ya studio kwa miaka mingi. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa ilikuwa na studio ya Parekh, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa picha za kuunganisha. Vijana walikwenda studio siku ya Idi, walipomaliza shule, au mmoja wao alipokaribia kuhama. Nakala zilisafishwa kadhaa, kila mmoja akachukua yake, na nyuma yakaandikwa maneno ya ukumbusho. Picha ilikuwa na gharama, na kuipata kulihitaji kusubiri. Hata mwenye kamera yake alilazimika kuumaliza mkanda wa picha 24 au 36 kabla ya kuupeleka kusafishwa. Muda huo wa kusubiri na kuizungumzia picha kabla ya kuiona uliisaidia siku yenyewe kukaa akilini.

Hata hivyo, picha inaweza pia kupotosha. Mwaka 2002 watafiti nchini New Zealand waliwaonyesha watu wazima 20 picha ya kutengenezwa iliyowaonyesha wakiwa watoto ndani ya puto kubwa la kurukia angani, safari ambayo haikuwahi kuwapo. Baada ya mahojiano ya tatu, nusu yao walikuwa “wamekumbuka” angalau sehemu ya safari hiyo. Kukumbuka ni kulijenga upya tukio kila mara, na picha hutoa matofali, hata yasiyo ya nyumba ile. Kwa hiyo wawili waliosimama bega kwa bega wanaweza kusimulia siku moja kwa namna mbili, na wote wakasema kwa nia njema.

Uchungu nao huja. Katika picha ya kundi, baada ya miaka 40, wapo ambao wenzao husema tu kwamba wametangulia. Wengi huifunika albamu hapo. Ni afadhali kuendelea kutazama pamoja na mtu mwingine aliyewajua, maana marehemu akisimuliwa na wawili hupata tena mwendo wake, utani wake na hata ubishi wake.

Karatasi nazo huchakaa. Picha za rangi hupauka kwa sababu rangi zake huharibiwa na mwanga na joto; zile za nyeusi na nyeupe, zenye chembe za fedha, hudumu zaidi zikitunzwa. Unyevu wa pwani huleta ukungu, na albamu za kurasa zenye gundi huzing’ang’ania picha hadi zichanike. Mahali pakavu penye giza panafaa zaidi. Nyuma ya picha iandikwe kwa penseli laini bila kukandamiza, kwani wino huweza kupenya: majina kuanzia kushoto, mahali na mwaka. Asiyekumbukwa jina aachiwe nafasi yake, mpaka aulizwe mwingine aliyekuwapo siku ile.