Kukumulika si kukuona: kweli na uongo kuhusu taa ya treni

Hapa Syokimau tuna reli mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, ya upana wa mita moja, ambayo stesheni yake mpya ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012. Ya pili ni ya milimita 1,435, inayoanzia katika stesheni kuu ya Madaraka Express iliyozinduliwa mwaka 2017. Usiku, kwenye reli zote mbili, taa humfikia mtu kabla ya mngurumo. Na palipo na taa hapakosi maneno: ya wanaosubiri matatu, ya waendesha boda boda, ya watoto wanaochungulia dirishani. Mengine hayamdhuru mtu, ila liko moja linaloweza kuua.

“Balbu ya treni ni kubwa ajabu, ndiyo maana nuru yake inafika mbali.”

Uongo. Balbu iliyotumika kwa miongo mingi kwenye treni za Marekani ni ya wati 200, inayowaka kwa volti 30. Pasi yako ya nguo hula stima mara tano ya hiyo.

Tuseme balbu hiyo inatoa lumeni 4,000. Ining'inize sebuleni ikiwa tupu, na nuru yake itagawanyika kwenda darini, sakafuni na kila ukuta. Kila upande utapata nguvu ya kandela kama 320. Sasa tazama: kanuni za usalama za Marekani zinataka taa ya treni ya safari ndefu ifikishe kandela 200,000 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya mara 600, na hakuna wati hata moja iliyoongezwa. Nuru ni ile ile. Tofauti ni kwamba iliyokuwa ikipotea nyuma na kando imekusanywa, ikageuzwa, ikatumwa upande mmoja. Kazi yote ya anayebuni taa ya treni imo katika kukusanya huko.

“Bakuli lolote linalong'aa linafaa kuwa reflekta.”

Uongo, na hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe.

Chukua karai lililokunjwa kama kipande cha mpira, ulisugue hadi ling'ae, kisha ulielekeze juani. Ikiwa nusu kipenyo cha mpira huo ni sentimita 20, miale inayoangukia karibu na katikati itakutana sentimita 10 mbele ya kitako cha karai. Miale inayoangukia sentimita 10 kando ya katikati itakutana mapema zaidi, sentimita 8.5 hivi. Ile ya ukingoni itakutana karibu zaidi bado. Hakuna sehemu moja ambapo yote inakutana. Ukigeuza mambo, ukaweka balbu ndani ya karai hilo, miale itatoka ikipishana.

Umbo lisilo na kasoro hiyo ni parabola. Lina kitovu kimoja, na mwale wowote unaotoka kwenye kitovu hicho hugonga kioo na kutoka sambamba na wenzake, uwe umegonga katikati au ukingoni. Huhitaji kwenda mbali kuliona. Inua macho kwenye paa za mitaa yetu: dishi la televisheni ni kipande cha umbo hilo, likifanya kazi kinyume. Mawimbi ya setilaiti huja yakiwa sambamba, na dishi huyakusanya kwenye kile kifaa kidogo kilichosimamishwa mbele yake. Fundi akikosea kukiweka kwa sentimita chache, picha inapotea.

Kama una tochi ya zamani ya mawe, ile ambayo kichwa chake huzungushwa, zima taa za nyumba na uizungushe taratibu ukiielekeza ukutani. Kwanza utaona duara pana lenye giza katikati, kisha duara linajikunja hadi kuwa doa kali, kisha linatawanyika tena. Hukuongeza nguvu ya mawe. Umesogeza reflekta ili balbu ipite kwenye kitovu. Nimewaonyesha watoto wa jirani jambo hili wakati stima zimepotea, na sijaona mtoto aliyetaka kurudisha tochi.

Ndiyo sababu taa za treni zikaja kutengenezwa zikiwa zimefungwa kabisa, waya wa balbu, reflekta na kioo cha mbele vikiwa kitu kimoja. Fundi akibadilisha taa usiku wa manane hana haja ya kutafuta kitovu. Kilishapatikana kiwandani.

“Lenzi ya mbele huongeza nuru.”

Uongo. Kila uso wa kioo hurudisha nyuma asilimia 4 hivi ya nuru inayopita, na kioo kina nyuso mbili. Kwa hiyo kioo cha mbele hupunguza nuru kwa asilimia 8 kabla hata ya vumbi la Mlolongo kukigusa.

Kwa nini basi kiwepo? Kwanza kinalinda reflekta. Pili, doa kali la parabola peke yake ni jembamba mno. Dereva anataka nuru kidogo iende kando, ili kona isiwe giza tupu, na nyingine ianguke chini kwenye kokoto za reli. Pitisha kidole ndani ya kioo cha taa ya gari la zamani, utahisi mifereji. Kila mfereji ni lenzi ndogo inayoiambia sehemu yake ya nuru iende wapi.

Taa za ishara za reli nazo hutumia lenzi ya ngazi ngazi, inayotokana na kazi ya Mfaransa Augustin-Jean Fresnel. Aliona kwamba mwale hupinda pale tu unapoingia kwenye kioo na pale unapotoka, na kwamba unene ulio katikati haufanyi kazi yoyote ila kuongeza uzito na kumeza nuru. Akauondoa, akabakiza nyuso tu zikiwa zimepangwa kwa mapete. Lenzi yake iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan, pwani ya Ufaransa, mwaka 1823, kuongoza meli. Reli ziliirithi kutoka baharini.

“Nuru ya treni huenda sambamba, haitanuki.”

Nusu kweli. Ingekuwa kweli kamili kama balbu ingekuwa nukta isiyo na ukubwa, na balbu kama hiyo haipo. Waya unaowaka una upana wake, na sehemu yake isiyokaa kwenye kitovu hutuma miale kwa pembe nyingine. Tuchukue mfano: waya wa milimita 6, kitovu kikiwa milimita 60 kutoka kwenye kioo. Gawanya, unapata moja kwa kumi. Basi nuru itapanuka mita moja kila ikienda mita kumi, na mita 800 mbele itakuwa na upana wa mita 80. Ukitaka mwale mwembamba, tafuta kitu kidogo kinachowaka sana, wala usitafute balbu kubwa. Wengi hulielewa jambo hili kinyume.

“Ule mkuki mweupe unaouona hewani ndio nguvu ya taa.”

Uongo. Nuru unayoiona ikielea hewani ni ile iliyogonga vumbi au ukungu ikaacha njia na kuingia jichoni mwako. Hiyo haifiki tena mbele. Usiku ulio safi kabisa, taa nzuri haionyeshi mkuki wowote.

“Taa imenimulika, kwa hiyo dereva ameniona na atasimama.”

Uongo. Hili ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Anza na treni ya Madaraka Express inapokimbia kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33 kila sekunde. Tuseme breki zinaipunguza mwendo kwa mita 0.7 kwa sekunde, kila sekunde. Itahitaji karibu mita 800 ili isimame. Sasa rudi kwenye kandela 200,000. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali: gawanya 200,000 kwa 800, kisha kwa 800 tena. Unabaki na luksi 0.3. Hiyo ni mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu unaweza kuona njia ya kwenda dukani, lakini jaribu kumtambua mtu aliyevaa koti jeusi umbali wa mita 800. Nguo nyeusi hurudisha nuru kidogo sana, na hicho kidogo kinapaswa kusafiri mita 800 nyingine hadi kwenye jicho la dereva.

Utaniambia reli hiyo imezungushiwa ua, na barabara hupita juu au chini yake. Ni kweli. Basi twende kwenye reli ya zamani, ile inayotoka Syokimau kwenda Imara Daima na Makadara, ikipita kando ya Mukuru. Hapo watu hutembea juu ya reli kila jioni, kwa sababu ndiyo njia fupi na mvua ikinyesha ndiyo isiyo na matope. Mwendo ni mdogo. Kwa kilomita 60 kwa saa na breki zile zile, treni itasimama kwa mita 200, na ukimpa dereva sekunde mbili za kushtuka, ongeza mita 33. Kwa umbali wa mita 200 taa hiyo inatoa luksi 5, na mtu anaonekana. Mpaka hapo hesabu inakupa moyo.

Kisha reli inapinda. Taa imefungwa kwenye injini na injini inaelekea mbele, haijui kona. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 400, mahali palipo mita 200 mbele ya treni patakuwa mita 50 kando ya pale taa inapoelekea. Na kiini cha nuru yetu kwa umbali huo kina upana wa mita 20 tu, 10 kila upande. Anayetembea juu ya reli yuko gizani kabisa. Anayeoga nuru ni mtu aliyeketi nje ya nyumba yake kando ya reli, ambaye hayumo hatarini. Nuru ikija kumpata yule wa relini, treni itakuwa imekaribia sana.

Kwa nini basi taa iwe kali hivyo, ikiwa haimsaidii dereva kusimama? Kwa sababu kazi yake kubwa ni wewe uione. Miaka ya 1830, mhandisi Horatio Allen wa reli ya South Carolina alisukuma mbele ya injini yake mabehewa mawili bapa, moja likiwa na moto wa kuni za msonobari uliowashwa juu ya mchanga. Moto ule ulimulika hatua chache tu za njia, lakini aliyekuwa mbali gizani hangeukosa. Ndiyo maana pia treni huwasha taa saa sita mchana, jua likiwa utosini.

“Ukiiona taa, unaweza kukisia iko mbali kiasi gani.”

Uongo, na macho yetu yote yana udhaifu huu. Taa moja gizani haina ukubwa unaoweza kuupima. Inakuwa kali zaidi kidogo kidogo, na inaonekana kusimama pale pale hadi inapofika. Mwanasaikolojia Herschel Leibowitz alieleza mwaka 1985 kwamba vitu vikubwa huonekana kwenda polepole kuliko mwendo wao wa kweli, na alikuwa akizungumzia hasa ajali za pale barabara zinapokatiza reli.

Nenda Makumbusho ya Reli, Nairobi, usimame mbele ya injini ya Garratt namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 zilizojengwa na Beyer, Peacock kule Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Dude zima hilo, na taa yake kuu ni moja. Usiku wa Ulu au Voi, aliyekuwa mbele yake aliona nyota moja tu.

Dawa iliyopatikana ni kuongeza taa mbili chini, kulia na kushoto, ili pamoja na ile ya juu zifanye pembetatu. Marekani ililazimisha jambo hili kuanzia mwisho wa 1997 kwa treni zenye kasi zinazokatiza barabara. Taa mbili zilizoachana mita moja na nusu huonekana zimegusana treni ikiwa mbali, kisha huachana inapokaribia. Kutoka mita 800 hadi 400, nafasi kati yake machoni pako huongezeka mara mbili. Sasa jicho limepata kitu cha kupima. Ukiwa kando ya reli usiku, acha kutazama ukali wa taa, tazama zinavyoachana.

“Macho ya wanyama hutoa nuru yao wenyewe.”

Uongo. Reli mpya inayotoka hapa kuelekea Naivasha inavuka Mbuga ya Nairobi juu ya daraja refu la kilomita sita, na mwenye tochi usiku karibu na mbuga anayajua macho hayo. Nyuma ya jicho la simba au swala kuna utando unaong'aa unaorudisha nuru kule ilikotoka. Ndiyo maana anayeyaona yakiwaka ni yule aliyeshika tochi, wakati jirani aliye hatua chache pembeni haoni kitu.

Kitambaa cha fedha kwenye koti la mwendesha boda boda, lile tunaloliita riflekta, hufanya vivyo hivyo. Kimejaa punje ndogo za kioo ambazo kila moja huukamata mwale na kuurudisha ulikotoka, hata kama mvaaji amesimama upande. Pale koti jeusi liliporudisha karibu sifuri, nuru ya riflekta inaweza kumfikia dereva aliye mbali kupita mita 200. Haiongezi nguvu ya breki. Inamfanya dereva apige honi sekunde kadhaa mapema, na kutoka katikati ya reli hadi nje ya njia ya treni ni hatua tatu.