Bei ya Mbaazi Haijui Wewe ni Mkali

Oya chalii wangu wa Katesh, na wewe wa Dongobesh unayejifanya husikii, sogeeni.

Kitaa kimejaa ma-CEO siku hizi. Mtu ana gunia nne za mbaazi, bio ya Insta imeandikwa "Entrepreneur". Freshi, swaga hatukatai. Ila bei ya hizo mbaazi inapangwa wapi? Ukisema Katesh, umefeli. Ukisema Babati, umefeli kwa kujiamini. Inapangwa India, mwanangu. Wale ndio walaji wakuu, na serikali yao ikipiga chafya, Hanang nzima inanunua panadol.

Ilishatokea. Agosti 2017 India ikaweka kikomo: mbaazi za nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Huku watu walishapanda kitambo, katikati ya mahindi, kama kawa. Mahindi yakavunwa, mbaazi zikabaki zinajikomalia mdogo mdogo, kuja kuwa tayari mnunuzi kashafunga geti. Kilo iliyokuwa inagusa buku mbili ikadondoka chini ya jero sehemu kibao. Washua wakatoa tamko: "Tuzitunze, zitapanda tu." Washua bana! Wadudu wakala dal bila hata kwenda Mumbai. Na kuna dingi mpaka kesho anaamini soko liliharibiwa na vijana wanaovaa suruali za kubana.

Sasa cheki mtego wenyewe. Unaamua Desemba, jibu linakuja Agosti. Katikati hapo huna cha kufanya zaidi ya kupalilia na kuota boksa jipya, pikipiki ambayo ni karibu milioni 3, na raba nyeupe za kukanyagia vumbi la Katesh. Nyeupe! Katesh!

Jirani aliyenunua boksa msimu huu alipanda kipindi unamcheka. Wewe unaingia bei ikishafika kileleni, na wenzako wote wameona boksa lile lile.

Kule Bashay, Mbulu, kwa wenzetu wa swaumu, ndiyo usiseme. Mbegu ya kitunguu swaumu ni swaumu yenyewe. Kwa hiyo ikipanda bei sokoni, na mbegu imepanda. Umeingia kwa bei ya juu, unavuna wiki moja na kijiji kizima, dalali anakuja kakunja nne. Anakupangia bei huku anachati.

Halafu unamaliza bando kumwangalia motivesheno spika wa Dar ambaye hajawahi kushika jembe. Aibu, mwana. Mei 2021 India ilifungua tena milango ya mbaazi. Ulisikia? Ulikuwa TikTok.

Novemba hii, kabla hujamwaga mbegu, choma jero ya bando ucheki India wanasemaje. Gawa shamba, usiweke mbaazi kila kona. Mshua akikwambia "zitapanda tu", mpe shikamoo yake ya heshima, kisha rudi kwenye mahesabu.