Maumivu ya nyonga: Picha safi haimalizi uchunguzi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Kipimo cha ultrasaundi kupitia ukeni huonesha vizuri uvimbe wa ovari, lakini madoa madogo ya juujuu huweza kutoonekana hata kwa MRI. Majibu safi, basi, hayamaanishi kuwa mgonjwa anajisingizia. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2022 unaruhusu tiba ya homoni ianze bila kusubiri upasuaji wa matundu madogo. Anayetafuta ujauzito amweleze daktari mapema, kwani tiba hiyo huzuia mimba.