Foleni ya chaja humuumiza asiye na gereji

Katikati ya Januari 2024 baridi kali iliuvamia mji wa Chicago, Marekani. Kipimajoto kilishuka zaidi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwenye viunga vya Oak Brook na Evergreen Park vituo vya kuchajia magari ya Tesla vikawa uwanja wa dhiki. Magari yalipanga foleni yakisubiri zamu, mengine yakazimika kabla ya kuifikia chaja, na breakdown zikaitwa kuyavuta. Madereva waliohojiwa na televisheni walieleza jinsi walivyokaa saa kadhaa wakiangalia asilimia za betri zikipungua.

Picha hizo zilizunguka dunia nzima, na wasioyapenda magari ya umeme wakapata ushahidi waliokuwa wakiutafuta: eti betri na baridi haviendani. Hoja hiyo haisimami. Norway nayo ina baridi kali, na mwaka 2023 zaidi ya magari manane kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Tofauti ni kwamba Mnorway wa kawaida huchomeka gari lake nyumbani jioni, na asubuhi huondoka betri ikiwa imejaa. Anayeishi kwenye ghorofa la pamoja naye hakuachwa nyuma, kwa kuwa sheria ya huko hairuhusu uongozi wa jengo kumkatalia mwenye makazi chaja kwenye maegesho bila sababu ya msingi.

Baridi ilichangia, hilo halina ubishi. Betri ya lithiamu iliyopoa haipokei umeme kwa kasi, na ndiyo maana gari huipasha moto kwanza linapojua linaelekea kwenye chaja. Lakini dereva aliyekwama kwenye foleni anatumia umeme uleule kuipasha betri na kujipasha yeye mwenyewe, kwa hiyo kila dakika ya kusubiri inamlia kile kidogo alichobaki nacho. Akiifikia chaja, kazi iliyozoeleka kuchukua nusu saa inachukua muda mrefu zaidi, na walio nyuma yake wanazidi kuishiwa.

Swali ninalolishikilia ni hili: nani hasa walikuwa kwenye foleni ile? Sidhani walikuwa wenye nyumba zenye gereji, maana hao huchomeka magari yao ukutani na kwenda kulala. Kwa mtazamo wangu, waliobaki nje kwa sehemu kubwa ni wapangaji na madereva wa teksi za mtandaoni za Uber na Lyft. Mwaka 2021 kampuni ya kukodisha magari ya Hertz iliafikiana na Uber kuwakodishia madereva hadi Tesla 50,000. Mtu akakabidhiwa gari zuri lisilotumia petroli, ila hakuna aliyemuuliza usiku atalichomeka wapi. Tarehe 11 Januari 2024, siku chache tu kabla ya mkasa wa Chicago, Hertz ikatangaza kuyauza takriban magari 20,000 ya umeme kati ya yale iliyokuwa nayo.

Hata pasipo baridi, foleni ya chaja haifanani na ya petroli. Kwenye pampu unaingia, unajaza, unalipa, unaondoka kabla wimbo wa redio haujaisha, na kila mtu anaona nani yuko nyuma ya nani. Vituo vingi vya chaja vimechorwa kama maegesho ya duka kubwa: magari yameelekea ukutani, anayesubiri anazunguka, na hakuna mstari unaoonyesha nani alitangulia. Ugomvi hapo hauhitaji mchochezi. Nafasi ikipatikana, madereva wawili wanaiingilia kwa wakati mmoja, huku gari la tatu limeshajaa zamani na mwenyewe yuko ndani ya duka anafanya manunuzi.

Halafu kuna zile asilimia 20 za mwisho. Gari likiwa na asilimia 10 linaweza kuvuta kilowati 150 au zaidi, na namba kwenye skrini zinapanda kwa kasi ya kufurahisha. Likikaribia 80, kompyuta ya gari hubana umeme ili betri isiharibike, na kasi hushuka mpaka sehemu ndogo ya ile ya mwanzo. Kutoka 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda uleule uliotumika kutoka 10 hadi 80. Kwa ajili hiyo Tesla ilianza kutoza faini mwishoni mwa 2016 kwa gari lililomaliza na kuendelea kuziba nafasi, na mwaka 2024 Electrify America ikaanza kukata umeme kwenye asilimia 85 katika baadhi ya vituo vyake vyenye msongamano huko California.

Naziunga mkono hatua hizo. Lakini zimtazame pia yule mpangaji. Mwenye gereji anapita kituoni kwa nadra, akiwa safarini, na asilimia 80 zinamtosha. Asiye na pa kuchomeka anataka kujaza hadi juu kwa sababu anajua kesho atarudi kupanga foleni hiyohiyo. Kumwambia aondoke mapema ni kumwongezea safari za kituoni.

Na chaja zenyewe hazitegemeki. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na David Rempel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizikagua plagi 657 za kuchaji haraka katika eneo la San Francisco na kukuta asilimia 72.5 pekee ndizo zinazofanya kazi. Nyingine skrini imekufa, nyingine mashine ya kadi haisomi, nyingine kebo ni fupi haifiki kwenye tundu la gari. Siku hizi kuna wezi pia wanaozikata kebo kuuza shaba, balaa ambalo msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Uingereza imeweka sheria kwamba tangu Novemba 2024 mtandao wa chaja za haraka lazima ufanye kazi asilimia 99 ya muda. Huo ni mwanzo mzuri, ila Uingereza hiyohiyo imekuwa ikimtoza anayechaji nyumbani VAT ya asilimia 5, na anayechaji barabarani asilimia 20. Yaani aliye na gereji analipa kidogo akiwa kitandani, na asiye nayo analipa zaidi akiwa amesimama kwenye mvua.

Haya yanatuhusu kwa karibu. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2024 uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli. Kenya ilitangaza mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Pikipiki za umeme za Nairobi na Kigali zimelikwepa tatizo la foleni kwa kubadilishana betri. Bodaboda anaacha iliyoisha, anabeba iliyojaa, anaondoka baada ya dakika chache. Betri ya gari, hata hivyo, ina uzito wa mamia ya kilo. Kuna kampuni China inayozibadilisha kwa mitambo, lakini vituo vyake vinahitaji mtaji ambao kwetu sijauona.

Kwa hiyo tutarudi kwenye tundu la ukutani, na hapo ndipo ninapotaka wenye majengo wasikilize. Chaja ya kawaida ya kilowati 7, ikifanya kazi saa nane za usiku, inaingiza uniti 56, zinazotosha gari dogo kwenda kilomita 300 hivi. Dereva wa teksi akipata hizo pale anapolala, hana haja ya kwenda kupigania chaja ya haraka mchana. Jimbo la Illinois, lenye huo mji wa Chicago, lilianza kutekeleza tarehe 1 Januari 2024 sheria inayotaka makazi mapya yajengwe yakiwa tayari kuwekewa chaja. Majengo ya zamani, ambamo huenda wengi wa waliokuwa kwenye foleni wanaishi, kwa sehemu kubwa hayakuguswa. Sisi maghorofa yetu bado yanapanda, Ruaka na Kilimani upande wa Nairobi, Mbezi na Sinza upande wa Dar es Salaam. Bomba la waya kutoka chumba cha mita hadi kwenye maegesho hupitishwa kabla ya zege kumwagwa, na serikali za kaunti na halmashauri ndizo zinazopitisha michoro.